Mchanga wa Shimo la Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ubao wenye mpini mrefu, nikaambiwa niuburure juu ya mchanga mpaka usionekane unyayo wa mtu. Nilicheka moyoni. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto wa kunyonya, nimetoka Tumbatu kwa watu wa bahari, na kazi niliyoipata mjini ni kufuta nyayo. Kwetu walishazoea kunitania kwa sababu bahari haikunipenda. Nikipanda chombo nilikuwa natapika kabla hatujaondoka ufukweni. Nikajua sasa watapata la kuongeza.

Kiwanja chetu cha gofu kilikuwa kusini ya mji, kando ya njia ya Mbweni. Nazungumzia miaka ya hamsini. Vijana mnaoutazama mchezo huu kwenye televisheni mmezoea kuona shimo katikati ya majani mafupi, laini kama zulia. Sisi hatukuwa nayo. Kwa jua lile na ardhi ile ya mawe, majani ya namna hiyo yaligoma kuota. Kwa hivyo kila shimo, na yalikuwa tisa, lilizungukwa na duara la mchanga uliochekechwa na kuchanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiuchukue. Duara hilo sisi wafanyakazi tukiliita kitanda, kwa kuwa lilitandikwa upya kila siku.

Mkubwa wetu alikuwa Nokoa, yaani msimamizi wa wafanyakazi wa kiwanja, Mzee Vuai wa Chukwani. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na kofia yake ilifuliwa mpaka nakshi zikafifia. Jicho lake la kushoto lilikwisha ingia ukungu, na la kulia lilikuwa njiani.

"Shikamoo, Mzee Vuai."

"Marahaba. Wewe ndo Ame, Mtumbatu unayeogopa maji?"

"Siyaogopi, Mzee. Hatuelewani tu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi huku maji hakuna. Haya, vuta nkusikie."

Sikuelewa kwa nini hakusema anione. Nikaanza kuvuta kama nilivyoelekezwa: unaanzia shimoni, unazunguka na kuzunguka ukienda nje, mpaka duara lote liwe limelala. Yeye alinipa mgongo, akatazama minazi. Sikwenda mbali.

"Mkono wako wa kulia unakula," akasema bila ya kugeuka.

Niliinama nikatazama. Kweli, upande wa kulia ubao ulikuwa umechimba mstari mwembamba kama uzi. Ndipo aliponieleza. Ubao ukilala sawasawa hutoa sauti moja nyororo isiyokatika. Ukikandamizwa upande mmoja hukwaruza. Nilivuta tena na tena nikitega sikio, nisisikie tofauti yoyote. Ilinichukua miezi kuisikia, na siku nilipoisikia nilimwambia mke wangu kana kwamba tumepata mtoto wa pili.

Kulikuwa na sehemu ya pili ya kazi, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Mchezaji ambaye mpira wake umetua kitandani alikuwa na haki ya kufanyiwa njia mara moja tu. Mvutaji huja na ubao wake akauvuta kutoka penye mpira mpaka shimoni, nyayo zikafutika, kisha mchezaji akapiga. Mvutaji akitaka, anaweza kuibana ncha ya ubao kidogo tu akaacha mfereji usioonekana na mtu aliyesimama. Mpira ukiingia humo, hautoki mpaka shimoni.

"Hapo unapewa amana," Mzee Vuai aliniambia. "Wao wanatazama mpira. Njia wanakuachia wewe."

Nimeona mengi maishani lakini sijaona watu wakiupenda mchezo kama wanachama wa klabu ile. Jumatano ilikuwa siku ya mabibi, nao walicheza wakazilowesha jasho kofia zao pana. Bendera za mashimo wakizishona wenyewe. Jumamosi walicheza waume, na wiki moja kabla ya mashindano ya Kikombe cha Mwaka walikuja wote, wakubwa wa idara kwa wake zao, wakakunja mikono ya mashati na kuokota mawe kiwanjani pamoja nasi. Kunguru wakiiba mipira, na kamati ilikaa kikao kizima kuamua mchezaji aliyeibiwa mpira na kunguru afanyeje. Mimi niliwapelekea chai siku hiyo. Niliwasikia wakibishana kwa heshima, kila mmoja akingoja zamu yake, nikatoka nje nikiwa sijui nicheke au niwastahi. Nikaamua kuwastahi.

Na ule ukimya! Mtu akisimama kitandani kupiga, watu hamsini wenye vyeo vyao walikuwa hawakohoi. Mpira mdogo kama yai la njiwa ukawanyamazisha wote. Kila mara mwili ulinisisimka, na miaka haikulipunguza jambo hilo.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikubali kuandika.

Mwaka wangu wa nne, waliobaki katika fainali ya Kikombe cha Mwaka walikuwa wawili. Mmoja ni Katibu wa klabu, mtu wa ofisi za serikali, mnyoofu, mwenye Kiswahili safi kuliko changu. Wa pili ni Daktari, mtu wa mzaha, aliyekuwa akiwatibu wafanyakazi palepale barazani. Desturi ya klabu ilikuwa kwamba anayeshinda kikombe huchaguliwa Kapteni katika mkutano mkuu wa wiki inayofuata, na Kapteni ndiye mwenye kauli juu yetu wafanyakazi.

Katibu alikwisha mwambia Mzee Vuai mbele yetu, bila ya ukali, "Mzee, macho yako yamekwisha. Nikiwa Kapteni, nitaweka msimamizi mwengine." Daktari aliposikia alisema, "Vuai atakaa hapa mpaka achoke mwenyewe." Kwa hivyo sote tulijua kikombe kile kimebeba nini. Mzee Vuai alikuwa na mkewe Bi Mize, mgonjwa wa miguu asiyetoka kitandani, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiwaweka. Pahali pengine pa kumwajiri mtu wa macho yale hapakuwapo.

Walicheza alasiri nzima mpaka shimo la tisa, lililokuwa langu. Katibu akamaliza. Mpira wa Daktari ukabaki kitandani, hatua saba kutoka shimoni. Akiutia kwa pigo moja, kikombe chake. Akihitaji mawili wanakuwa sare, na kwa kanuni ya klabu sare ilikuwa ya Katibu, kwa kuwa alicheza vizuri zaidi mashimo ya mwisho.

Daktari akaniashiria nifanye njia.

Nilishika ubao. Wanachama wamezunguka duara, mabibi na waume, wamenyamaza. Mzee Vuai alikuwa nyuma yao, kwenye kivuli cha mti wa mkungu, kofia yake imemwangukia usoni. Nikamfikiria Bi Mize. Nikajiambia huyu mzee amenifundisha kazi, amenisitiri nilipokuwa sijui kushika mpini, na leo rizki yake iko katika kifundo cha mkono wangu. Nikaweka ubao penye mpira, nikaanza kuvuta, na nilipofika hatua ya pili nikabana upande wa kulia. Kidogo. Nikaendelea hivyo mpaka shimoni. Jua lilikuwa usoni mwao. Hakuna aliyeona kitu.

Nikasikia watu wakisogea. Mzee Vuai alikuwa anakuja, anapapasa mabega ya wakubwa wa serikali ili wampishe, nao wanampisha. Akaingia kitandani kwangu na miguu mitupu.

"Nipe," akasema.

"Mzee Vuai..." nilinong'ona.

"Nipe ubao, Ame."

Nikampa. Akapapasa kwa mguu mpaka akaupata mpira, akaweka ubao, akauvuta mpaka shimoni. Niliisikia sauti yake, moja, nyororo, haikukatika hata mara moja. Wallahi, mpaka leo sijasikia ubao ukilala namna ile.

Katibu alikuwa wa kwanza kusema. "Njia hufanywa mara moja. Kwa nini anarudia?"

Kapteni aliyekuwa anamaliza muda wake, mkubwa wa bandari, akamuuliza Mzee Vuai sababu.

"Bwana, kitanda hakikuwa sawa," akajibu. "Mimi ndiye Nokoa. Kosa ni langu, mchezaji hana lake."

Kapteni akafikiri, akaruhusu. Daktari akapiga. Mpira ulikwenda vizuri, ukapita ukingo wa shimo kwa upana wa kidole, ukasimama. Watu wakashusha pumzi. Daktari akavua kofia, akampa Katibu mkono.

Nilimfuata Mzee Vuai mpaka penye banda la vifaa. Nilikuwa na hasira na aibu, sijui ipi ilizidi.

"Uliusikia," nikamwambia.

"Nliusikia tangu hatua ya pili."

"Na ulijua nnakufanyia wewe?"

"Nlijua. Ungemfanyia nani mwengine?"

"Sasa mbona hukuniachia, Mzee? Mbona hukunyamaza tu?"

Alikuwa anaufuta ubao mchanga, taratibu, kama kila siku. "Ningebakia kwenye kazi gani, Ame? Kazi yetu ndo hiyo njia. Ukishaipinda, hakuna tena kazi ya kubakia."

Nilimtazama mzee yule, macho yamemwishia, nyumba inamngoja, na hakuwa na uchungu nami hata chembe. Nilimwogopa, nasema kweli. Nilimwogopa kama mtu anavyoogopa anapoingia mahali patakatifu.

Wiki iliyofuata Katibu akawa Kapteni. Alituita sisi wawili barazani. Alizungumza kwa adabu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Mzee Vuai, nilikuwa naona labda nimekuonea," akasema. "Lakini siku ya fainali nilikuwa hatua tatu kutoka kitandani. Kilikuwa sawa kabisa, nilikiona kwa macho yangu. Wewe ukakirudia. Mtu asiyeweza kuona kitanda kilicho sawa hawezi kusimamia vitanda tisa."

Nilifungua mdomo. Mkono wa Mzee Vuai ukanishika kifundo, ukanibana kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Naam, Bwana," akasema. "Mwenye macho ni wewe."

Nje nilimwambia narudi ndani kusema. Alisema, "Ukenda tutatoka sote, na vitanda watamwachia asiyejua. Rudi kazini." Nilikuwa na mtoto wa pili njiani. Nikarudi kazini. Mwisho wa mwezi yeye akaenda zake Chukwani, na Nokoa mpya, kwa shauri la Kapteni, nikawa mimi.

Nilikaa katika nafasi hiyo mpaka klabu ilipokufa, kisha nikatunza viwanja vya mipira vya serikali mpaka nikastaafu. Nimesifiwa mara nyingi kwa mkono ulionyooka. Kwa Mzee Vuai nilikuwa nakwenda kila Ijumaa, na mchele wa nyumba ile ukawa shughuli yangu mpaka wote wawili walipotangulia mbele ya haki, yeye kisha Bi Mize. Hakuwahi kulitaja jambo lile. Nami sikulitaja kwa mtu mwengine yeyote, si kwa Daktari, si kwa mke wangu.

Mmeniuliza jinsi kazi ilivyokuwa ikifanywa zamani, nami ningeweza kuishia kwenye oili na mchanga. Lakini wapo wajukuu wa wafanyakazi wale ambao mpaka leo wameambiwa kwamba Mzee Vuai aliondolewa kwa sababu alikirudia kitanda kilicho sawa mbele ya watu. Waambieni hakikuwa sawa. Kilikuwa kimepinda, na aliyekipinda ni mimi.