Mbawakawa wa Michikichi ya Baba

Mbawakawa wa kwanza nilimpiga picha kwa sababu ya kubishana na baba.

Baba alikuwa na shamba la michikichi kijijini Lweba, karibu na ufuko wa ziwa. Ngazi, ndivyo tunavyoiita miti hiyo kwetu. Aliipanda kabla sijazaliwa, na mawese yake ndiyo yaliyonisomesha mpaka nikawa mwalimu wa biolojia hapa mjini Baraka. Halafu ziwa likapanda. Misimu miwili ya mvua maji yaliingia shambani na hayakurudi yote. Miti ikaanza kufa kutoka juu: makuti yakainama, yakawa kahawia, yakaanguka, shina likabaki limesimama peke yake. Na kwenye mashina hayo yaliyooza wakaja mbawakawa.

Walikuwa wazuri, siwezi kusema uongo. Kijani cha kung'aa, madoa ya manjano mgongoni, na jua likiwapiga walikuwa na rangi ya shaba. Baba hakuwa na haja na uzuri huo. Kila asubuhi alizunguka shambani na kopo lenye petroli, akiwaokota mmoja mmoja na kuwatumbukiza humo.

"Njo haba banakula ngazi zangu, mama," aliniambia, akinionyesha waliomo koponi. Aliniita mama tangu nikiwa mdogo.

"Baba, sijue kama ni bo."

"Haujue, na uko mwalimu?"

Neno hilo lilinichoma. Kuanzia wiki ile, kila Jumamosi nilipanda pikipiki alfajiri kwenda Lweba na telefone yangu. Nilijifunza kuwahi kabla jua halijapata nguvu, maana wakiwa na baridi na umande hawaruki; unaweza kumsogelea mmoja mpaka pumzi yako ikamgusa. Jua likishawapasha moto, umechelewa.

Kwenye telefone kuna kikundi cha watu wanaotambua wadudu kwa picha. Aliyenijibu ni mzee mmoja wa mbali aliyeandika Kifaransa. Picha yangu ya kwanza aliikataa: mgongo peke yake hautoshi, wanaofanana ni wengi. Alitaka tumbo, alitaka ubavu, alitaka vile vipapasio vya kichwani vinavyofunguka kama kurasa za kitabu, na kitu cha kuonyesha ukubwa. Nikawa naweka njiti ya kiberiti pembeni. Akaniuliza pia kama mdudu anaporuka anafungua yale magamba ya mgongoni. Nilikaa asubuhi nzima nikiangalia. Hafungui. Mabawa yanachomoka kwa pembeni, gamba limebaki limefungwa.

Hapo mzee akaandika kwamba huyu ni mbawakawa wa maua, anayetaga kwenye mti uliokwisha kuoza. Mti ulio hai haui. Kama nataka uhakika, nitafute funza wake, nimweke kwenye kitambaa, niangalie anavyotembea.

Nilimwomba baba apasue shina moja kwa panga. Ndani mlikuwa laini kama unga uliolowa, na funza wanene, weupe, wamejikunja. Nikatandaza kitenge changu chini na kumweka mmoja. Alijinyoosha, akajigeuza chali, miguu juu, akaanza kutambaa kwa mgongo wake kuelekea ukingoni.

"Anatembelea mugongo," baba akasema, na akacheka kidogo.

Nilimweleza kuwa kuna mbawakawa mwingine, mwenye pembe, ambaye ndiye anayetoboa michikichi, na funza wake hatembei hivyo. Tukaenda kwenye mti mmoja uliokuwa bado na majani mabichi machache. Tulitafuta tundu kwenye moyo wake, pale majani yanapochipukia, hatukuona. Tukafukua chini. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka, na maji yakajaa kwenye shimo tukiwa tunaangalia.

"Ni mayi, baba. Badudu bamekuya nyuma, ngazi ikishakufa."

Alisimama pale, matope mpaka magotini.

"Basi mayi ntaikamata na nini, mama? Ntaitia mu kopo?"

Nilikuwa nimefurahi kwa sababu nimepata ukweli. Furaha hiyo naionea aibu mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata nilifika na habari: mzee amenipa jina kamili la mdudu, la Kilatini, nimeliandika kwenye daftari. Baba nilimkuta ndani, amelala kwenye mkeka, saa ambayo zamani angekuwa shambani. Jirani aliniambia hajatoka wiki nzima. Nilimsomea lile jina. Aligeukia ukuta.

Ndipo nilipoelewa kwamba wale mbawakawa walikuwa wamempa kazi. Alikuwa na adui wa kushika kwa vidole, kila siku, na kila siku alipunguza kidogo. Nilimnyang'anya.

"Inuka, baba," nikamwambia. "Twende tubaokote. Pengine yule muzee amekosea."

"Usinidanganye," akasema bila kugeuka. "Ulinionyesha weye mwenyewe."

Mvua zilizofuata maji yalifika uani, na mdogo wa baba akamchukua kwenda Lubondja, mbali na ziwa, akampa kipande cha shamba la mihogo. Mzee wa mbali aliniomba picha nyingine kutoka kwenye mashina yale yale. Nilimwandikia kwamba shamba liko majini. Akajibu kwa maneno ya upole, ya kuniomba radhi, kana kwamba ni yeye aliyelizamisha.

Lubondja naenda mara chache. Mara ya mwisho nilimkuta baba akilima pamoja na mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi. Yule mama akauliza mimi ni nani.

"Ni mutoto wangu," baba akasema, akiendelea kulima. "Ni mwalimu. Anajua sana."

Nilitaka kumwangalia usoni, nijue kama ananisifu. Alikuwa ameinama, uso sikuuona.