Mnara wa simu ulijua alipo baba, sisi wanawe hatukujua

Wakuu, salamu kwenu wote, wa bara na wa visiwani.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi nimeona mabishano marefu kuhusu serikali kuchukua taarifa za watu kwenye kampuni za simu. Wengine wanasema ni ulinzi, wengine wanasema ni uonevu. Nikaona niwasimulie kilichotokea nyumbani kwetu.

Majina nimebadili, maana wahusika wengine bado wapo. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata yale yanayonionyesha mimi mjinga.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilikuwa nauza viatu vya mitumba soko la Kiboriloni, pale Moshi. Wazazi walikuwa Masama kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo: kahawa, migomba, ng'ombe wawili wa maziwa. Baba, tumwite Mzee Anaeli, alikuwa mzee wa kanisa. Mtu wa maneno machache sana.

Simu za mkononi wakati ule ndiyo zinaanza kupanda mlimani. Ya baba nilimnunulia mimi, kwa sababu alikuwa na kisukari na nilitaka akizidiwa aweze kuniita. Nyumbani network ilikuwa inakatika-katika. Ilikuwa inakaa vizuri kule juu tu, kwenye migomba ya mpakani.

Baba aliipenda ile simu kuliko nilivyotegemea. Aliitunza kwenye soksi.

Sasa, Jumanne moja ya masika akamuaga mama kwamba anashuka mjini kutafuta dawa ya kahawa, jioni atarudi.

Hakurudi.

Jumatano asubuhi mama akanipigia kwa simu ya jirani. Nikapiga ya baba. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena na tena. Ilipofika saa sita ikawa haipatikani kabisa.

Nilifunga biashara. Nikazunguka stendi, maduka ya pembejeo, wodi za wanaume, kwa rafiki zake wote niliowajua. Mwisho nikaenda mochwari. Ya mochwari sitaeleza. Niseme tu kwamba nilitoka pale nikakaa chini kwenye majani, nashukuru na kuogopa kwa wakati mmoja.

Alhamisi baba mdogo akashuka mjini pamoja na mama. Huyu ni mdogo wake baba, mwanajeshi mstaafu, mtu wa kujuana na watu. Akasema, "Kuna afande pale kituoni tulikuwa naye jeshini. Twendeni."

Tukaenda watatu.

Yule afande alikuwa mtu mpole, ana miwani, ana chupa ya chai mezani. Alimwamkia mama shikamoo kabla hajatukaribisha kukaa. Nalisema hili mapema ili msije mkafikiri nitasimulia habari za mtu katili. Hakuwa hivyo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba namba ya simu ya baba. Akachukua karatasi yenye nembo ya serikali, akaandika kama mistari minne hivi, akagonga muhuri.

"Wewe mwanawe, saini hapa."

Nikasaini. Sikusoma hata neno.

Akaipeleka kwa faksi Dar, kwenye kampuni ya simu. Nikamuuliza itasaidia nini wakati simu yenyewe imezimika.

"Simu haijifichi, kijana," akasema. "Muda wote ikiwa imewashwa inajiandikisha kwenye mnara ulio karibu nayo. Hata kama hupigi, hata kama iko mfukoni."

Wakuu, leo jambo hili hata mtoto wa shule analijua. Mimi siku ile nilikuwa nadhani simu ni sauti tu, inaingia, inatoka, basi. Kwamba kuna mahali inaandikwa, halikuwahi kunijia kichwani.

Tukakaa kwenye benchi la korido. Mchana kidogo tukasikia ile mashine inalia, karatasi ikaanza kutoka taratibu. Ikatoka, ikatoka. Ilikuwa ndefu kuliko mkono wangu.

Afande akatuita ndani, akaweka kidole juu ya mstari wa chini kabisa.

"Jana saa sita kasoro, mnara wa kule mlimani juu ya Himo."

Himo iko upande mwingine kabisa. Tumekanyaga Moshi nzima, tumesali, mama hajala siku ya pili, na kumbe kuna mashine Dar es Salaam, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, ambayo haijawahi kumwona Mzee Anaeli wala mlima wenyewe, lakini inajua jana mchana alikuwa upande gani wa Kilimanjaro. Nilijisikia kama niko mbele ya kitu kikubwa kuliko mimi. Nilitaka kumshika yule afande mikono.

Baba mdogo akauliza, "Himo amefuata nini? Hatuna mtu kule."

Afande akapandisha kidole juu ya karatasi. Ile karatasi haikuwa na mnara peke yake. Ilikuwa na simu zote za baba za miezi mitatu.

Akasoma kwa sauti.

"Namba hii hapa. Jumapili saa nane mchana, dakika ishirini na mbili. Jumapili iliyofuata saa nane, dakika kumi na tisa. Jumapili tena, dakika thelathini. Kila Jumapili. Mnaijua?"

Hakuna aliyeijua.

Mama ndiye aliyejibu, akiangalia mikono yake. "Jumapili saa nane huwa ananiambia anakwenda kuangalia migomba ya mpakani."

Nadhani afande alishtuka kuwa amegusa kitu, lakini alikuwa ameshashika simu ya mezani. Akapiga ile namba, akabonyeza spika ili tusikie wote.

Akapokea mwanamke.

"Uko wapi?" afande akauliza, sauti ya kazi.

"Niko hospitali ya misheni, huku juu ya Himo. Nani mwenzangu?"

"Polisi Moshi. Unamfahamu Anaeli wa Masama?"

Yule mwanamke akasema taratibu, "Ni baba yangu. Amelazwa hapa, sukari ilishuka akaanguka nyumbani kwangu. Jamani, anaendelea vizuri. Simu yake iliita nikaogopa kupokea, mpaka ikaisha chaji, na mimi namba za kwao sina. Na alishanikataza."

"Alikukataza nini?"

"Kuwatafuta."

Mama alisimama, akachukua kanga yake, akatoka nje.

Kwa ufupi ni hivi. Kabla hajamwoa mama, baba alifanya kazi shamba moja la mkonge upande wa Himo. Akazaa na binti wa familia ya Kikatoliki. Wazee wa pande zote mbili wakakataa ndoa kwa sababu ya dhehebu. Yule mtoto, tumwite Felista, alilelewa na bibi yake. Baba alikuwa akimwona kwa kuibia, mara moja kwa mwaka, mwaka mwingine hamwoni. Nilipomnunulia simu ndipo kwa mara ya kwanza akaweza kuongea na binti yake kila wiki.

Jamani, mimi ndiye niliyempa baba huyo mtoto bila kujua. Na mimi ndiye niliyesaini karatasi iliyomtoa hadharani.

Tulifika hospitali jioni ile ile. Mama alibaki kwenye gari la kukodi. Felista alisimama kando ya kitanda, mwanamke wa makamo, ana paji la uso la baba kabisa, hata kukunja kwake nyusi. Nikamsalimia, yeye akaniita kaka ingawa amenizidi umri.

Baba alikuwa macho. Hakukasirika. Aliuliza tu tumejuaje alipo.

Nikamweleza habari za mnara na faksi. Nilieleza kwa furaha, kama mtu anayetangaza muujiza. Nilidhani atashangaa kama mimi.

Alishangaa kweli. Akaangalia dari.

"Kwa hiyo wakati wote nikiwa kwenye migomba," akasema, "kulikuwa na mtu anaandika."

"Si mtu, baba. Ni mashine."

"Na wenye mashine wakiombwa wanatoa."

"Tuliandika barua."

"Barua yangu?"

Nikaanza kumtengenezea shuka.

"Sina ugomvi na wewe," akasema. "Nisingependa kufia huku mama yenu hajui niliko. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa natafuta namna ya kumwambia. Maneno nilikuwa nayo. Sasa yamesemwa na askari."

Hilo ndilo lililonikaa mpaka leo.

Baada ya siku kadhaa baba alirudi Masama. Mama alimpikia, alimpimia dawa zake, lakini kuongea naye ilikuwa kazi. Na kijiji kizima kilishajua, maana baba mdogo aliisimulia kwenye pombe ya mbege kama habari ya ujanja wake. Baba akaachia uzee wa kanisa mwenyewe, hakungoja kuambiwa.

Nilirudi kwa yule afande kumwomba ile karatasi niichome. Akasema iko kwenye faili.

"Faili la nini, afande, na mzee ameshapatikana?"

"Faili ni faili, kijana."

Miezi ikapita, nikakutana naye sokoni anachagua viatu. Akaniuliza huku anacheka, bila ubaya wowote, "Mzee wa Jumapili hajambo?" Nikatabasamu, nikampunguzia bei. Nilipokwenda nyumbani nikajiuliza ni wangapi wameisoma ile karatasi, pale kituoni na kule Dar. Na je, kama siku ile si mtoto anayemtafuta baba yake, bali mkubwa fulani anayemtafuta mtu wa kumkomesha, ile mistari minne na muhuri isingetosha vile vile? Ingetosha. Hakuna hakimu aliyeulizwa. Hakuna aliyeniuliza hata kitambulisho.

Mwaka uliofuata, kabla ya Krismasi, mama mwenyewe alisema Felista aletwe. Aliletwa. Walikaa jikoni wawili, sisi tukazuiwa kuingia. Sijui waliongea nini na sijawahi kuuliza. Nilishajifunza kutouliza.

Baba alifariki miaka kadhaa baadaye, nyumbani, kwenye kitanda chake. Kwenye wasifu uliosomwa msibani watoto walitajwa wote, Felista wa kwanza.

Nilichojifunza, wakuu: ule uwezo ni mkubwa ajabu na sitaudharau, maana ulinirudishia mzazi. Lakini haukutupa tulichoomba peke yake. Tuliomba kujua yuko wapi, tukapewa maisha yake yote, yakasomwa mezani mbele ya mke wake. Na siku hizi simu zinajua mara mia zaidi ya ile ya baba.

Mkiniuliza kama ningesaini tena, ningesaini. Ila ningesoma kwanza. Na ningemwomba afande anipe ile karatasi mimi, nimpigie Felista mwenyewe, na mama aambiwe na mumewe.

Ninyi mngefanyaje? Hasa wale mliowahi kufanya kazi kwenye kampuni za simu au polisi, semeni, nasoma kila mtakachoandika.