Uvimbe Niliouita Busha

Mwanangu, nikikumbuka miezi ile pale Keko, mpaka leo sikai nikatulia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa vitanda, na posa yangu imeshakubaliwa Tabata. Asubuhi moja nikioga niligusa kitu kigumu kwenye korodani ya kulia, kidogo kama punje ya hindi. Hakikuuma. Nikajiambia ni busha linaanza, maana huku pwani uvimbe wowote wa hapo tunauita busha, na busha ni la kuchekwa. Nikavaa suruali pana, nikanyamaza miezi minne. Kila siku nilikigusa, na kila nilipogusa kilikuwa kimekua.

Mzee Shabani, aliyenifundisha kazi, akaniona.

"Wee, mbona unakaa kama umekalia msumari?"

"Ana kiwewe cha harusi huyo," fundi mwenzangu akadakia, mafundi wote wakacheka.

Mzee hakucheka. Alinivuta nyuma ya rundo la mbao, nikamwambia.

"Nani kakupima?"

"Mwenyewe."

"Mie nimepasuliwa busha. Lilikuwa maji matupu. Lako likoje?"

"Gumu."

"Vaa viatu, twende."

Hospitali walinipiga altrasaundi, wakachukua damu. Daktari akasema korodani ile itolewe, ikachunguzwe maabara.

"Nitazaa?" nikamuuliza.

"Wengi huzaa kwa iliyobaki. Kwanza uishi."

Baada ya upasuaji nilisubiri majibu siku kumi na mbili. Nilianza kusoma kitabu nikakiacha. Nikitoka nje narudi ndani. Majibu yakaja: saratani, haijasambaa. Nilimweleza mchumba wangu yote. Akaniuliza, "Hiyo miezi minne ulikuwa unamficha nani?" Tukaoana, na kliniki nilihudhuria miaka mingi.

Sasa nisikilize. Ugonjwa huu huwapata zaidi vijana wa umri wako, na mara nyingi hauumi, ndiyo maana hudanganya. Mara moja kwa mwezi, ukishaoga maji ya moto, pitisha kila korodani taratibu kati ya kidole gumba na vidole vingine. Ukikuta kitu kigumu, uvimbe au uzito usiouzoea, usiupe jina wewe. Nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo, huenda lisiwe jambo kubwa. Aibu ya kuvua suruali mbele yake ni ya dakika tano.

Mungu akulindie mwili wako, mwanangu, na siku ukiingiwa na hofu akupe ujasiri wa kuisema.