Kinanda Kisicho na Ngoma

Juzi, katika duka moja mjini Kisii, mama mmoja alikuwa akimchagulia bintiye kinanda cha kujifunzia, cha bei ya chini kabisa. Mwenye duka akabonyeza kitufe chekundu, na ngoma zikalia zenyewe. Mama akaruka.

"Hiki atakipiga kanisani, kwetu Wasabato! Wazee hawataki ngoma. Zitoe, halafu unipunguzie bei."

"Mama, hazitoki. Usibonyeze tu hapo."

"Mimi sitabonyeza. Huyu je?"

Binti akatazama dari. Mwenye duka akachukua selotepu akizibe kitufe.

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Bonyeza tena nihakikishe ni hicho."

Mama akahakikisha mpaka mdundo ukaisha, mabega yake yakicheza. Wazee wa kanisa wanajua wanachoogopa, na si watoto.