Maji Hupita, Kambare Hubaki

Nakumbuka siku moja ya mvua za kwanza, mwanangu, niliporudishwa darasani na kambare wawili waliolazwa juu ya jani la mgomba. Nasema nilirudishwa kwa sababu shule yenyewe niliiachia la tatu. Huku kuandika unakokuona nilikupata ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaru, kwa hiyo ukikuta herufi imelala usiiamshe, pita nenda mbele.

Nilikuwa nimeolewa hapa Kitahana, nikitokea upande wa Kasulu. Mume wangu alilima tumbaku. Kupiga dawa ilikuwa kazi yake, kuosha bomba la kupulizia ilikuwa yangu. Akimaliza shamba nalibeba hadi mtoni, pale penye jiwe bapa, mahali ambapo mto unatulia na kuwa na kina. Nalisuuza mara tatu, maji meupe kama ya kuoshea mchele yanaingia mtoni, yanapotea. Sikuona kosa. Hatua chache chini yangu kulikuwa na vidimbwi vyetu vya kulowekea mihogo. Wewe umekula ugali wa muhogo tangu hujaota meno, unajua kwamba muhogo mchungu unaua. Tunaulaza majini siku tatu nne, unalainika, mto unauondoa uchungu, tunaanika, tunatwanga, tunakula, na hatujazika mtu. Basi nikajiambia, mto ulioshinda uchungu wa muhogo utashindwaje na uchungu wa bomba? Akili ya msichana ilinitosha hapo, nikaenda zangu kupika.

Mama mkwe wangu, kwetu tunasema mabukwe, na jina lake sitaliandika kwa kuwa mke hatamki jina la mama mkwe hata akishazikwa, alikuwa mtegaji. Alisuka migono kwa mkono wake, vile vikapu virefu ambavyo samaki akiingia hajui kutoka. Alikuwa mfupi, na alikuwa na kikohozi kilichomtangulia njiani; ukikisikia unaacha ulichokuwa unafanya, hata kama ni kizuri. Mimi nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa mume wangu, na mume wangu naye alimwogopa kuliko sisi sote.

Nilikuwa nimeosha bomba pale misimu mitatu. Hakuna samaki hata mmoja aliyeelea tumbo juu, na hilo ndilo lililonidanganya. Kifo kingekuja mara moja ningekiogopa. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakipigi kelele kinapojaa.

Asubuhi hiyo, kambare wakiwa wanapanda kwenda kutaga, mabukwe aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ametega mgono mmoja kwenye kijito cha juu kabisa, ambako hakuna aliyelima tumbaku, na mwingine penye jiwe langu. Akampasua kambare wa kijitoni. Mayai yakafumuka, yamejaa tumbo zima, rangi ya kijani iliyoiva. Akampasua wa pili. Huyu alikuwa na kichwa kikubwa, mwili umekonda nyuma kama nguo iliyokosa mtu, ubavuni ana kidonda, ini lina madoa, na mayai ni haya ya kushika kwa vidole viwili.

"Unajua nimempataje?" aliniuliza. "Mgono haukuwa na kazi. Nimemwinua kwa mkono nje ya mgono, kama naokota kiatu. Kambare, binti. Kambare wa kuokotwa."

Nikajitetea. "Maji yanatembea, mabukwe. Yanapeleka, kama yanavyopeleka ya mihogo."

Akacheka bila kufungua mdomo. "Maji ni mgeni. Yanalala kwako, kukicha yameondoka. Mwenyeji ni kambare. Anakula tope, anakula mdudu aliyekula tope, anakula visamaki vilivyokula mdudu, na kila alichokula kila mmoja wao kinaishia kwake. Uchungu wa muhogo unaisha. Huu wa bomba, ni nani aliyekwambia unaisha?"

Hadi leo, mwanangu, sijakutana na aliyeniambia kwamba unaisha. Alimzika yule kambare mgonjwa kama anayezika mtu, akanishika mkono tukaenda shambani, akanionyesha: suuzia bomba huku huku, na maji ya kusuuzia yapulizie kwenye tumbaku ile ile. Mume wangu alinung'unika kwamba tunampangia kazi. Kikohozi kikasikika, akarudi kwenye matuta yake.

Miaka mingi baadaye alipita bwana samaki mmoja kutoka wilayani, akatueleza kwamba baadhi ya dawa hizi hukaa kwenye mafuta ya samaki, kwamba mkubwa hubeba za wadogo wote, ini linachoka, mayai yanapungua, vifaranga vinatoka vimepinda. Nikamwambia mabukwe alishatuambia hayo. Akauliza mabukwe alisomea chuo gani. Nikamwambia alisomea kwenye mgono.

Sasa nije kwenye leo, maana sikuandika haya ili nikumbushie ujana. Siku hizi bonde letu ni nyanya na kabichi. Kuna kikundi, na mwenyekiti wake ni Gedeoni, kijana mchapakazi, simchukii. Lakini mabomba yao yote wanayaosha penye jiwe lile lile. Nilimfuata nikamwambia. Akanijibu kwa heshima, "Bibi, maji yanatembea." Maneno yangu mwenyewe, yamezunguka miaka yote hiyo yakarudi kunipiga usoni.

Nikachukua kigoda, nikaenda kukaa juu ya jiwe. Kila siku ya kupiga dawa nipo. Mwanzoni walitania. "Bibi anasubiri mchumba atoke majini," alisema mmoja. Nikamwambia akitoka atakuwa na vidonda, mmemharibu. Kisha utani ukaisha, wakaniita kikaoni.

"Bibi, unatuchelewesha," alisema Gedeoni. "Ukiendelea, kikundi kitakichukua kile kishamba chako cha bondeni."

Kishamba hicho, mwanangu, kimo ndani ya eneo la kikundi, nacho ndicho kilichonilisha maharage na matembele tangu nibaki mjane. Nilikuwa nimebeba ndoo. Nikatoa jani la mgomba, nikatoa kambare wawili, mmoja wa kijito cha juu na mmoja wa jiweni, nikawapasua mbele yao kama mabukwe alivyonipasulia mimi. Wanawake wanajua mayai ya kambare, hawahitaji kutafsiriwa.

"Samaki mmoja anaweza kuugua tu," Gedeoni alisema. "Hata watu tunaugua."

"Kweli," nikamjibu. "Kikao kijacho nitaleta mwingine."

Nikaleta. Na kilichofuata nikaleta tena. Watu husema samaki mmoja akioza wameoza wote. Mimi nasema samaki akioza, acha kumlaumu samaki, tazama mto. Cha nne nilipoleta, wanawake walishasogeza viti wenyewe. Hata hivyo walikichukua kishamba. Sitakuficha, kimepandwa nyanya sasa, na nikipita pale moyo unauma. Walidhani nitaondoka jiweni. Lakini mtu aliyenyang'anywa pa kulima, mwanangu, umempa siku nzima ya kukaa.

Wiki iliyopita alikuja Devota, mke wa Gedeoni, bomba mgongoni.

"Mwakeye, bibi."

"Mwakeye, mwanangu."

Akasimama akiyatazama maji. "Hivi yule kambare unayempasua, angeachwa, mayai yangemrudia?"

"Huyo sijui," nikamwambia. "Hawa watakaozaliwa, tukiacha leo, wana nafasi."

Akageuka na bomba lake. Nikamsikia Gedeoni akipaza sauti toka shambani, mbona amerudi nalo halijaoshwa. "Nasuuzia hapa hapa," Devota alimjibu. "Nyanya ni zako na dawa ni yako." Naye, kama mume wangu zamani, akarudi kwenye matuta yake.

Ni bomba moja. Yamebaki mengi, na kigoda changu hakijavunjika.

Basi lishike hili, mwanangu. Usisuuze bomba mtoni, hata tone, hata kama wote wanafanya na wewe ni mgeni wa juzi. Chupa ya dawa usiitumie kuchotea maji wala usiitupe penye kijito. Ukiona kambare anaokotwa kama kiatu, usifurahie kitoweo cha bure, uliza kilichompata. Na wakikwambia huna shule, waambie hata mgono hauna shule lakini unajua kilichoingia. Wakikunyang'anya shamba, lia kidogo, kisha rudi ukae.

Mungu akupe mgongo wa kukaa juu ya jiwe bila kuchoka. Mvua za kwanza zikupandishie kambare wenye matumbo mazito, wakali, wa kukuponyoka mkononi. Na ukipita mtoni siku ya kupiga dawa, nisalimie. Nitakuwepo.