Mama wa Ubatizo wa Tanuru

Mama mkwe wangu, Ketty Weirig, alikuwa na jina moja na tanuru la chuma, na jambo hilo alilichukulia kwa uzito kuliko alivyoichukulia ndoa yake. Nasema bila kinyongo. Niliishi naye nyumba moja miaka kumi na miwili, yeye chini na sisi ghorofani, na sikumbuki siku aliyoonja kahawa kabla ya kufungua dirisha la jikoni na kutazama upande wa kiwandani aone kama moshi unatoka.

Katika mji wetu, huku kusini mwa Luksemburg kwenye udongo mwekundu, tanuru jipya halikuwashwa hivi hivi. Padri alilinyunyizia maji, bendi ya wafanyakazi ilipiga, kisha msichana mdogo alipewa mwenge autie kwenye tundu la chini. Huyo ndiye aliyeitwa mama wa ubatizo, na tanuru lilibeba jina lake mpaka mwisho. Zamani walichaguliwa mabinti wa wakubwa. Mwaka 1949, vita vikiwa vimekwisha na chama cha wafanyakazi kimepata sauti, waliamua majina ya watoto wa vibarua yatiwe ndani ya kofia na moja lichomolewe. Likatoka la Ketty, mtoto wa miaka minane, binti wa Mathias aliyekuwa akipakia mawe ya chuma. Wakamvalisha gauni jeupe la kuazima.

"Niliogopa mpaka nikajikojolea," aliniambia siku moja tukimenya viazi. "Lakini mwenge sikuuachia."

Ilikuwaje akaanza kuamini yale mengine, hakuna anayejua vizuri. Wanaume wa tanuru walikuwa na utani wao kwamba mama wa ubatizo na tanuru lake wanavuta pumzi moja. Kisha mwaka 1966 tanuru la jirani, Germaine, likazimwa kabisa, na siku ya tisa Germaine Thill mwenyewe, mwanamke mzima wa afya, akaanguka akianika nguo na asiamke. Tangu hapo watu hawakutania tena mbele ya Ketty. Naye alikuwa na ushahidi wake. Tanuru lake lilizimwa mara mbili ili lijengwe upya kwa ndani. Mara ya kwanza, mwaka 1962, zilikuwa wiki zile zile alizomzaa mume wangu Romain na kutokwa damu karibu afe. Mara ya pili, 1979, kidole tumbo kilimpasukia.

"Na wale mama wa ubatizo waliokufa matanuru yao yakiwaka," nilimuuliza, "mbona hao hamuwahesabu?"

"Hao walikufa kifo chao," akajibu, wala hakuinua macho.

Mimi ni Fernanda. Wazazi wangu walikuja kutoka Ureno kujenga barabara, na kwetu tuna watakatifu wengi wa kuogopa, sikuhitaji kuongezewa tanuru. Nilikuwa namcheka. Nilimcheka mbele yake na nyuma yake, na kwenye duka la mikate nilikofanya kazi nilikuwa nikiigiza sauti yake wateja wakacheka nami.

Agosti 1995 uamuzi ukatoka. Hakuna tena kuyeyusha mawe. Kiwanda kingeyeyusha vyuma chakavu kwa umeme, na tanuru la Ketty, lililobaki peke yake, lingezimwa. Kwenye la zamani walikuwa watu mia sita ukijumlisha na karakana zake. La umeme lilitaka themanini. Waliobaki walipelekwa kwenye kikosi cha ziada, wakate nyasi na kupaka rangi mabenchi ya bustani. Romain alichaguliwa kuwa miongoni mwa wale themanini, na nyumbani tuliogopa hata kufurahi kwa sauti, maana mlango wa pili alikaa Nicky, aliyekuwa ameshapewa brashi.

Siku ya kuzima, Ketty alivaa gauni lake la buluu, akajilaza kitandani na viatu vyake.

"Usinivue viatu," akaniambia. "Ile sufuria kubwa ni ya dada yangu. Na Romain asipewe pombe siku ya mazishi, analia ovyo."

"Mama, amka ule."

"Nile ili iweje?"

Mchana ule mngurumo ulikoma. Ni sauti ambayo tulizaliwa nayo, hatukuwahi kuisikia mpaka iliponyamaza, na ghafla nikasikia bomba la jikoni likidondosha maji. Nilipata baridi mwilini, nakiri. Ketty akangoja. Siku ya kwanza, ya tatu, ya tisa. Siku ya tisa hata mimi sikwenda kazini, nilisema naumwa. Siku ya kumi akaamka akaomba supu ya maharage.

Romain ndiye aliyempa maelezo bila kujua anafanya nini. Alimwambia kwamba chini kabisa ya tanuru kunabaki bonge la chuma ambalo haliwezi kumiminwa lote, na linaweza kukaa na moto kwa miezi.

"Basi ninaishi kwa joto lililobaki," alisema Ketty, akaomba bakuli la pili. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Oktoba Romain akarudi nyumbani na barua, uso unang'aa.

"Wamemchagua Jil!" akasema. Jil ni binti yetu, wakati huo ana miaka minane. "Ndiye atakayebonyeza kitufe kuliwasha la umeme. Mkurugenzi mwenyewe kasema, mjukuu wa Ketty aanzishe jipya. Gazetini itapendeza."

"Na litaitwa Jil?" mtoto akauliza, ameshapanda juu ya kiti.

"Litaitwa Jil."

Ketty alikuwa anakoroga kahawa. "Hilo la umeme," akauliza taratibu, "likishawashwa linawaka miaka mingapi?"

Romain akacheka. "Miaka? Mama, hili si kama la kwako. Unatia vyuma, unawasha, dakika arobaini na tano vimeyeyuka. Unazima, unamimina, unaanza tena."

"Unazima."

"Ndiyo, tunazima."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Tukienda vizuri, ishirini. Ishirini na mbili."

Ketty akaweka kijiko mezani. Alimtazama yule mtoto anavyorukaruka, na rangi ikamtoka usoni. Hapo ndipo nilipoelewa anachofikiri, na kicheko hakikunijia.

Kesho yake alinikuta jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Mkatalieni mkurugenzi."

"Haiwezekani, Mama."

"Fernanda, mwanangu, miaka kumi na miwili sijakuomba kitu."

"Uliniomba nisipike samaki wa chumvi ndani ya nyumba hii."

"Hicho ni kingine." Akanishika mkono. "La kwangu kabla ya Agosti lilizimwa mara mbili tu, na mara zote mbili nilifika mlangoni mwa kaburi. Huyu mtoto, mara ishirini kwa siku? Kila siku?"

"Romain akikataa, wiki ijayo yuko bustanini na Nicky anapaka mabenchi."

"Apake! Mabenchi yamemuua nani?"

"Ni kitufe, Mama! Kitufe tu, kama cha mashine ya kufulia."

"Mashine ya kufulia haina jina," akasema.

Nikakasirika, na hasira yangu huwa haina breki. Nikamwambia anaona wivu, kwamba miaka yote hii alijiona malkia kwa sababu ya rundo la matofali, na sasa hataki mtoto apate sifa. Akafungua mlango akaenda zake chini akishika ukuta, na mimi nikabaki na aibu na viazi vyangu.

Wiki ile ile Jil akatokwa damu puani akiwa shuleni. Watoto hutokwa damu puani kila vuli vipasha joto vya nyumba vikianza kukausha hewa, hata mjinga anajua. Mimi nilimpeleka kwa daktari mara mbili. Mara ya pili daktari akaniuliza kama mimi mwenyewe nalala vizuri. Sikumwambia Ketty. Lakini nilipokuwa nikipita mlangoni kwake nilimsikia akisali, na jina alilokuwa akilitaja lilikuwa la Jil.

Ijumaa moja ya Novemba, saa nne asubuhi, tukaingia kwenye chumba cha uendeshaji. Nilitarajia kuona moto. Hakukuwa na moto. Kulikuwa na vioo vinene, skrini, viti vya kuzunguka, na kijana mmoja, Injinia Schaack, aliyevaa tai. Upande wa pili wa kioo kilikaa chungu kikubwa kama nyumba, kimejaa magari yaliyopondwa na mabomba, na juu yake nguzo tatu nyeusi za kupitisha umeme zinaning'inia. Padri akanyunyiza maji, akawa mwangalifu yasifike kwenye mitambo. Bendi ilipiga nje, tukaisikia kwa mbali. Ketty alikuwa na gauni lake la buluu. Nilimwona amesimama nyuma ya mkurugenzi, ametulia mno, na utulivu ule haukunipendeza.

Jil akapandishwa juu ya kisanduku. Mpiga picha akamwambia atabasamu.

"Tutahesabu mpaka tatu," alisema Injinia Schaack. "Moja, mbili..."

Ketty akampiga mkurugenzi kiwiko cha ubavuni, akamsukuma mtoto kwa nyonga, na kukitua kiganja chake chote juu ya kile kitufe.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. La zamani lilikuwa likinguruma, hili lilipiga mayowe. Sakafu ilitetemeka mpaka meno yakagongana, mwanga mweupe ukapasua kule ndani, na vyuma vikawa vinapasuka humo kwa kishindo. Nilimvuta Jil nikamfunika kichwa kwa koti langu. Nilikuwa na hakika kwamba paa linatuangukia. Wanaume waliozoea mto wa chuma kupita mbele ya miguu yao niliwaona wakirudi nyuma hatua moja, Romain wangu akiwemo.

"Basi tumepata Ketty wa pili!" mkurugenzi akapaza sauti, akicheka ili asionekane ameaibika, huku anajisugua ubavu. Jil alikuwa analia. Romain alimkazia mama yake macho ambayo sijayaona tena tangu siku ile.

Ketty hakujali. Alijikalisha kwenye kiti, mikono juu ya magoti, akangoja. Dakika arobaini na tano alikaa hivyo, watu wanakunywa mvinyo kumzunguka. Kisha mayowe yakakatika ghafla, nguzo zikapanda. Mimi nisiyeamini nilikuwa nimeshapiga magoti kando yake, nimemshika kifundo cha mkono, natafuta mshipa. Ulikuwa unadunda.

"Bado nipo," akasema.

"Bado upo, mama mkorofi."

"Sasa ni mimi," akaninong'oneza. "Jina wakiliandika la nani shauri yao. Aliyewasha ni mimi. Mimi mzee, na likinichukua halijapata kitu."

Ndipo nilipomwomba msamaha kwa maneno ya jikoni. Akanipiga kofi dogo la shavuni, basi, yakaisha.

Nyumbani nilikuwa nimeoka keki ya matofaa. Tanuru lilikuwa limewashwa tena, na hata kutoka kwetu tulilisikia, vikombe vinacheza juu ya visahani. Ketty alikula vipande viwili, tangu Agosti sikuwa nimemwona akila hivyo. Akamtania Romain kuhusu tai yake. Akaanza hata kuniuliza kama bado najua kupika samaki wa chumvi. Jil peke yake alikuwa amenuna, anachokonoa keki kwa uma.

"Hata hivyo wa kwanza ni mimi," akasema.

"Wa kwanza wa nini?" nikauliza.

"Kubonyeza. Jana baba alinipeleka tukafanye mazoezi, na Injinia akaniachia nibonyeze kweli. Likapiga kelele, halafu likazimika."

Nilimgeukia Romain. Jana nilikuwa dukani mpaka jioni.

"Dakika mbili tu," alisema mume wangu, mdomo umejaa. "Walitaka kupima nyaya. Mtoto alifurahi, mbona unanitolea macho?"

Sikuthubutu kumtazama Ketty. Nilimsikia anavuta pumzi, kisha akacheka, kicheko chepesi kabisa.

"Ya mazoezi haihesabiwi," akamwambia mjukuu wake.

"Kwa nini?"

"Padri alikuwepo?"

"Hapana."

"Bendi je?"

"Hapana."

"Sasa? Bila padri na bendi hizo ni kelele tu. Hiyo ni sheria ya zamani, muulize yeyote. Kula keki yako."

Jil akaamini, ingawa hakufurahi. Romain akaomba kahawa. Hakuna sheria kama hiyo, na mimi nilijua hakuna, maana miaka kumi na miwili nilisimuliwa sheria zao zote mpaka nikachoka. Chini ya meza Ketty alikuwa ameushika mkono wangu, kucha zake zinaniingia nyamani, na usoni bado anatabasamu.

Huko kiwandani mayowe yakakatika. Vikombe vikatulia. Mama mkwe wangu na mimi tukamgeukia mtoto kwa pamoja.

Jil akainua kichwa, makombo ya keki mdomoni.

"Mbona mnaniangalia hivyo?"