Nilivyojiadimisha kwa Mama

Kutoka Chanji ninakoishi hadi Mpui kwa mama ni safari ya asubuhi moja, lakini mimi nilikuwa nikiifunga mara tatu kwa mwaka. Kila nikifika mama alisema, "Umeadimika, baba," huku uso ukimng'aa. Dada yangu mkubwa, anayeishi naye, alitumwa jikoni kumshusha mgebuka mkavu aliyening'inizwa juu ya meko. Samaki hao hutoka mbali, Ziwa Tanganyika, na kwetu ni wa kubahatisha. Mama alinunua mmoja tu gulioni, akamtunza mpaka nije. Dada alimpika, akanipa kipande cha katikati, yeye akala maharage.

Mwaka mmoja nilipata likizo nikakaa wiki nzima. Siku ya nne nami nilikuwa nakula maharage, na mama alinituma maji kisimani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kumbe hata mtoto wa kuzaa. Nikapata somo baya: nikitaka thamani, nisionekane. Tangu hapo nilijiadimisha makusudi. Naahidi Jumamosi, kisha siendi, wala sina udhuru. Nilipenda tu kujua kwamba nasubiriwa.

Safari moja niliahidi, nikapitisha wiki tano. Nilipofika, dada alimshusha samaki, akamvunjikia mkononi. Wadudu walikuwa wamemla ndani kote. Ndipo aliponieleza kwamba mama alikuwa ameugua malaria, kila chakula kikawa kinamshinda, akatamani mchuzi wa samaki. Lakini dada aliponyoosha mkono juu ya meko, mama akamzuia.

"Huyo wa mdogo wako. Muache."

Jumamosi niliyoahidi kuja, mimi nilikuwa Chanji natazama mpira. Niliona haya hata kumtazama mama usoni.

Sasa naenda kila wiki, na nilidhani nimetubu. Safari ya nne mama aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua, na jioni tukala hayohayo. Nikaumia. Niliumia kweli, mtu mzima mimi, nikaisogeza sahani pembeni. Mama hakuona. Dada aliona.

"Kula," aliniambia taratibu. "Mimi hivi ndivyo nilivyokula miaka yote."

Nikala. Dada bado sijamwomba msamaha.